Saa ya Mafuta Haina Mdomo

Juzi mjukuu wangu alikuwa anatengeneza gari lake uani, akamwaga oili nyeusi. Ile harufu ikaniinua kwenye kiti. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwenda kuangalia kitu, wala sikujua kitu gani. Mwili ulikumbuka kabla ya kichwa.

Nilikuwa mwaka wa pili shuleni, hapa hapa Minago. Baba alikuwa na moteri ya kukamulia mawese chini ya banda la mabati. Ya kwanza iliishiwa oili, ikakaza, ikafa, na chikichi za watu zikaoza mbele ya macho yetu. Alipopata ya pili hakutulia tena. Alikula amesimama. Mlio ukibadilika kidogo, anatupa tonge, anakimbia bandani.

Ndipo akamwita fundi kutoka Rumonge aje kufunga saa ya mafuta.

"Mafuta gani?" mama akauliza. "Si pipa tunaliona?"

"Si mawese, mama. Ni yale meusi ya tumboni mwa moteri. Saa hii inapima nguvu yake. Mushale ukianguka kwenye sifuri, zimeni mbio."

Fundi alifungua skrubu ubavuni mwa moteri, akafunga hapo mrija wa shaba mwembamba kama bua la nyasi. Akauzungusha kwenye mpini wa jembe mpaka ukajikunja, ndipo akaufikisha kwenye saa aliyoipigilia nguzoni.

"Uacheni ulegee hivi, mzee. Moteri inatetemeka, nguzo haitetemeki."

Baba aliitikia vizuri. Fundi alipopanda tu baiskeli, baba akaunyoosha. Alisema hafugi nyoka bandani mwake. Saa akaihamishia nguzo ya mbali, na mrija ukakazwa kama kamba ya mbuzi anayetaka majani ya jirani.

Halafu tukaujua ubaya wa saa ile: haina mdomo. Moteri ikiumwa, sikio husikia. Mushale huanguka kimya, kwa hiyo lazima jicho likae pale. Mama alikuwa na vyungu, kaka zangu walibeba mikungu, baba alilisha mashine. Nikabaki mimi.

"Siku mbili tatu tu," baba alisema. "Mwalimu atangoja."

Nikakaa kwenye kibao. Wenzangu walipita barabarani na madaftari kichwani, wakinisalimu kwa kunicheka, "Amahoro, muke wa moteri!" Miguu iliniwasha. Asubuhi mushale ulisimama juu. Moteri ikipata moto, unashuka kidogo, nami nasogeza kibao karibu.

Siku moja ukaanguka wote. Moteri ikaendelea kuimba kana kwamba haikuwa na neno. Nikapiga ukelele, baba akazima. Mrija ulikuwa umekatika pale pale alipounyoosha, oili imerukia mabati. Moteri ilipona. Fundi alirudi na mrija mwingine, akaukunja kama wa kwanza, akamtazama baba, akaenda zake.

Mimi nikajua kazi imekwisha. Niliosha miguu, nikachukua daftari langu. Baba akaniwekea mkono wake wa oili kichwani, mbele ya watu waliokuwa wanangoja chikichi zao.

"Huyu mutoto iko na jicho kutushinda sisi wote. Hatoki hapa."

"Murakoze, mwana," watu wakanishukuru. Nami nikainua shingo kama jogoo. Mama akainuka kwenye vyungu vyake. Alilitoa daftari mkononi mwangu, akalifuta kwa kitenge chake, akalipandisha darini.

Sikurudi shule. Kusoma nilifundishwa kanisani, tayari nina watoto wangu. Miaka mingi nilisimulia habari ile nikijisifu, na nikimlaumu mama kwamba hata asante hakunipa. Sasa najua alichokiona. Mtoto mzembe angefukuzwa bandani, na angefukuziwa shuleni. Mimi nilifanya kazi vizuri.

Nilimuuliza mjukuu ni nani anayemwangalizia oili ya gari lake.

"Hakuna mtu, bibi. Kuna taa. Oili ikikosa nguvu, inawaka yenyewe."

Nikamwambia amwage mchanga juu ya oili ile, watu wasiteleze. Nikarudi kukaa.