Mvua Iliyonyesha Kwenye Simu ya Eddo

Mimi ni Msomali wa Garissa ninayefundisha Kiswahili, na kazi yangu ni kusahihisha. Nasahihisha insha, nasahihisha mabango ya maduka nikiwa ndani ya tuktuk, nasahihisha hata matangazo ya redio, na redio yenyewe haina habari na mimi. Walimu wa bara wanaopangiwa shule yetu hushangaa wiki ya kwanza kumkuta mwanamke aliyejitanda hijabu hadi magotini akiwaambia kwamba "mavitu" si neno. Wananiogopa kidogo, na sioni ubaya wake.

Ila kuna mtu mmoja sijawahi kumsahihisha, naye ni Eddo. Ndivyo tunavyomwita dada ya baba, na huyu wangu ndiye mkubwa wa wote waliobaki katika ukoo. Ndiye aliyenilea nikisoma, maana wazazi wangu walikuwa wa kuhamahama na mifugo, na yeye alikuwa na nyumba mjini. Kiswahili alijifunza sokoni akiuza maziwa. Mpaka leo husema "bole bole", nami mwenye kalamu nyekundu hujibu "haya, Eddo", nikaendelea na chai yangu.

Basi Eddo aliponunuliwa simu ya kisasa, tukamwingiza kwenye kundi la ukoo na mashemeji, na hapo ndipo taabu zangu zilipoanza. Kitunguu kikikatwa kikawekwa chini ya kitanda kinanyonya homa. Dua hii, usipoitumia watu kumi kabla ya magharibi, mambo yako yataharibika. Maji ya moto na ndimu yanatibu kila kitu isipokuwa kifo. Hasomi sana, lakini kutuma mbele anajua, na alikuwa anatutumia kwa mapenzi, kama vile alivyokuwa akitujazia sahani. Mimi huku damu inanichemka.

Kwetu kuna adabu yake. Mkubwa hajibiwi mbele za watu. Neno "uongo" haliandikwi chini ya jina lake. Ukiona lazima useme, unamwendea kando, unamsalimia, unauliza afya, unauliza mifugo, unauliza mvua, unamshukuru kwa kukukumbuka, na ukifika hapo bado una ujasiri, unasema kwamba umesikia wengine wakisema vingine. Mara nyingi ukifika hapo ujasiri umeisha na chai imeletwa. Ndiyo maana vile vitunguu vilikaa kwenye kundi letu mwaka mzima bila mtu kuvigusa.

Kisha kukaja ukame. Mto Tana ulipungua hadi watu wakawa wanavuka kwa miguu mahali ambapo zamani mamba ndiye aliyekuwa bwana. Abti wangu, yaani kaka ya mama, alikuwa ameleta mbuzi na ng'ombe wake karibu na mto, nje kidogo ya mji. Wanyama walikuwa wanakula maganda ya mathenge, ule mti wa miiba unaolaaniwa na kila mtu hadi njaa iingie. Walikuwa wamekonda, mbavu unazihesabu, lakini maji yapo na roho zimo. Ng'ombe aliyekonda namna ile anaweza kukaa. Kutembea siku kadhaa bila maji hawezi.

Jioni moja Eddo akatuma video. Maji mekundu yanakimbia kwenye korongo, nyasi mbichi pande zote, ngamia wanakunywa wakiwa wamesimama kwenye matope. Chini yake maneno kwamba mvua kubwa imenyesha Sangailu, wenye mifugo wahamie upesi. Watu wakaanza kumshukuru Mungu. Binamu yetu mmoja aliyekulia Nairobi, ambaye adabu yetu aliifunga kwenye sanduku akaisahau huko, akaandika palepale: "Hii ni feki. Wazee wacheni kutuma tuma vitu." Eddo hakumjibu. Hakuna aliyemjibu. Nikamwonea Eddo huruma, na binamu nikatamani kumchapa kiboko.

Lakini wallahi binamu alikuwa amesema kweli. Video ile niliijua. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akifundisha Elwak alinitumia mwaka uliotangulia, wakati mvua ya huko iliponyesha. Elwak iko mpakani Mandera, na Sangailu iko upande wa Ijara, huko nilikoolewa, kusini kabisa. Ni kaskazini na kusini, hakuna cha kukosea hapo. Nikawa nawaza namna ya kumwendea Eddo, nikasema kesho, nikalala.

Kesho yake simu ilikaa ofisini hadi vipindi vya asubuhi viishe, maana darasani haturuhusiwi. Nilipoifungua nikakuta sauti ya Abti imeingia tangu alfajiri: "Nimesikia habari ya Eddo. Mimi na mifugo yangu tumeshika njia ya Sangailu." Nyuma ya sauti yake ng'ombe walikuwa wanalia. Nikampigia, mteja hapatikani. Nikampigia tena, mteja hapatikani. Nikamtumia sauti nikimsihi: "Abti, hakuna mvua kule, geuka, tafadhali geuka." Kisha nikamwomba mwenzangu anishikie kipindi cha mchana, nikapanda tuktuk hadi kwa Eddo.

Njiani nilikuwa na hasira hata na dereva, ambaye hakuwa amenikosea lolote. Nilijua nikifika na video ya Elwak mkononi, nikaiweka mbele yake na kusema tazama, nitakuwa nimemvua nguo mwanamke aliyenivika. Na nikinyamaza, mifugo ya Abti itaishia njiani. Tena Abti ni shemeji yake Eddo. Mifugo ikifa kwa neno lake, nyumba mbili zitaangaliana vibaya hadi wajukuu.

Nilimkuta kibarazani anachambua mchele. Tukasalimiana kama inavyopasa, sikukata hata neno moja ingawa ulimi ulikuwa unawasha. Akanimiminia chai. Na nilipoona chai ile, nikakumbuka jinsi baba alivyokuwa akipokea mgeni kambini. Mgeni akija kutoka safari anaketishwa, anapewa cha kunywa, halafu anaambiwa "warran", yaani toa habari. Naye hutoa kila kitu, malisho, visima, magonjwa, nani kaoa. Na wenyeji wana haki ya kumuuliza kwa kila jambo kama aliliona au aliambiwa, na kama aliambiwa, na nani. Hakuna anayeudhika. Kujibu "niliambiwa" si aibu hata kidogo, aibu ni kutojua nani aliyekuambia. Watu waliokuwa wakihamisha uhai wao wote kwa neno la mpita njia hawangeweza kuishi vinginevyo.

Nikaweka kikombe chini. "Eddo," nikasema, "warran."

Akanitazama akacheka. "Mimi nimekaa hapa, wewe ndiye umetoka safari."

"Wewe ndiye mwenye habari ya mvua."

Akakaa sawa. Aliulizwa kwa njia anayoijua, akajibu kwa njia anayoijua. Mvua imenyesha Sangailu, korongo limejaa, nyasi zimeota.

"Umeiona au umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

Akaitazama simu iliyokuwa juu ya mkeka karibu na sinia. "Na hii," akasema taratibu. Nikanyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mwalimu, kunyamaza wakati mwanafunzi yuko karibu na jibu, sembuse wakati mwanafunzi ndiye aliyekulea.

Hakuhitaji zaidi. Akachukua simu, akaniambia nimwonyeshe iliingia kutoka kwa nani. Ilikuwa imetoka kwa rafiki yake muuza vitambaa, Nairobi. Akampigia, sauti wazi, salamu zote, kisha: umeiona au umeambiwa? Yule akasema alitumiwa na dada yake wa Wajir. Dada wa Wajir akapigiwa, akasalimiwa hadi watoto wake wote, akaulizwa vilevile. Akasema hajui ilikotoka, ilikuja tu.

"Ilikuja tu," Eddo akarudia, akakata simu. Uso ulikuwa umembadilika.

Mwisho akampigia mwanamke aliyeolewa Sangailu, ambaye zamani alikuwa akilala kwake akija kliniki. Yule hakungoja hata swali liishe. "Eddo, mvua gani? Tumekaa na vumbi. Juzi tumechinja ndama asije akafa bure."

Eddo akaweka simu mapajani. Nikamwambia kuhusu Abti, kwamba ametoka alfajiri na hapatikani. Akashika tama. "Mifugo yake ikifa," akasema, "itakuwa imefia mdomoni mwangu." Sikuwahi kumwona Eddo akiogopa namna ile, hata tulipomzika baba. Nilitaka kulia.

Nikajitolea. Nikamwambia nitaandika mimi kwenye kundi, kwa lugha laini, kwamba kuna habari mpya, na jina lake halitatajwa. Nilidhani namfanyia wema.

"Wewe ndiye uliyeileta?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Akanywa maji. Akafunga ushungi wake vizuri kana kwamba watamwona. Akaniambia nibonyeze kitufe cha kurekodi, nikabonyeza, naye akasema kwa sauti ileile ya kutoa habari mbele ya wazee. Ninaitafsiri hapa, na kwa Kisomali ilikuwa nzuri zaidi: "Assalamu alaikum. Ni mimi. Jana niliwaletea habari ya mvua ya Sangailu. Sikuiona. Aliyenipa hakuiona, na aliyempa hajui ilikotoka. Leo nimemuuliza aliyeko Sangailu kwenyewe, na ardhi ni kavu. Habari yangu ya jana naichukua. Shemeji yangu, rudi mtoni. Yeyote atakayemkuta njiani amsikilizishe maneno haya."

Hakuomba radhi kwa kujikunyata, na hakutafuta wa kumsukumia. Nilisimama pale kibarazani na fahari ikanijaa kifua hadi nikakosa pa kuiweka. Nimehudhuria semina ngapi za walimu, nimesikia wakubwa wangapi wenye shahada wakikosea mbele yetu halafu wanalaumu karani. Video ya Elwak ilibaki kwenye simu yangu. Sikuitoa, na Eddo mpaka leo hajui kwamba nilikuwa nayo.

Wazee wa kundi wakaanza kujibu mmoja mmoja, Mungu akulipe, Mungu akuzidishie. Hata binamu wa Nairobi akaandika "amin" na akakaa kimya, jambo ambalo si la kawaida kwake. Kwa Abti hakukuwa na neno. Eddo akaswali alasiri, akabaki kwenye mkeka muda mrefu. Nami nikamalizia kuchambua ule mchele, vibaya.

Habari ilikuja kesho yake kupitia kwa dereva wa lori la bidhaa, kijana wa ukoo wetu anayefanya safari za Ijara. Alimkuta Abti njiani, akasimamisha lori, akashusha kioo na kumsikilizisha sauti ya Eddo katikati ya mbuzi. Abti aliisikiliza mara mbili, akawageuza wanyama. Ng'ombe mmoja alianguka wakati wa kurudi. Wengine wote walifika mtoni.

Alipokuja mjini kuongea na Eddo nilikuwepo, nikiwa nimejiandaa kuamua ugomvi. Abti alikunywa chai yake bila haraka. Nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kama hakupata maneno yangu, maana nilimtumia sauti mapema kuliko Eddo, na nilimsihi kama mtoto.

"Niliyapata," akasema. "Nilipopumzisha wanyama mchana mtandao ulikuwepo. Nikasikia yako, na ya yule kijana wa Nairobi nikasomewa."

"Na hukugeuka?"

Akanitazama kwa upole. "Mama, babake yule kijana ana ng'ombe. Na wewe umeolewa Ijara, mumeo ana ng'ombe huko huko. Mwenye ng'ombe akiniambia hakuna nyasi mahali fulani, mimi naongeza mwendo."

Nilikaa na aibu na kicheko vimenichanganyikia. Bidii yangu yote, sauti yangu yote ya kusihi, ilikuwa imemharakisha kuelekea vumbini.

Abti akamgeukia Eddo, na akasema naye kwa ile heshima ya mashemeji, macho chini. "Lakini aliyesema mvua ipo, kisha akasimama mbele ya ukoo mzima akasema haipo, huyo hana malisho anayoyaficha. Shemeji, mbuzi walioko mtoni leo ni wako na wangu."

Eddo alichukua kikombe cha Abti, akakijaza hadi juu.