Fundi Hapangiwi Kikosi

Wachezaji walimwita Fundi kwa sababu kabla ya kuwa kocha wao alikuwa fundi wa matairi, na kazi hiyo hakuiacha. Karakana yake ilipakana na kiwanja cha raga. Klabu ilipokosa kabisa mtu wa kuifundisha, yeye alifuta mikono kwenye ovaroli, akavuka uzio. Usichana wake aliumalizia kwenye mstari wa mbele wa timu ya raga, na sikio moja lilibaki limekunjamana tangu enzi hizo.

Timu ilikuwa hoi. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa hata na wageni waliofika wakiwa na upungufu wa mchezaji mmoja. Mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na dawa yake: mpira upigwe mateke mbali, na mpigaji awe mkwewe, mume wa binti yake. Kijana yule alikuwa na mguu, hilo halikuwa na ubishi. Ila akiona jitu linamjia mbio, ghafla alikumbuka kwamba kamba ya kiatu chake imelegea.

Fundi alitaka kinyume chake. Watu wake walikuwa wazito na wa taratibu. Basi waung'ang'anie mpira, wabanane, wasukume kwenye skramu, ule msukumano wa bega kwa bega, wasogee kidogo kidogo. Nafasi ya mkwe akampa mkata nyama mmoja mfupi, jina la utani Sumni, aliyejitupa miguuni mwa watu bila kuuliza ni akina nani.

"Mke wangu, si uwape tu wanachotaka?" mumewe alimwambia wakiwa mezani. "Unajizeesha bure."

"Nikiwapa kikosi, mimi nibaki na kazi gani? Kubeba maji?"

"Watakufukuza."

"Wanifukuze nikiwa nimepanga kikosi changu. Hebu nipe chumvi."

Mechi ya mwisho ilikuwa ya kufa na kupona: washinde, la sivyo washuke daraja. Wachezaji wakiwa wanafunga viatu, mwenyekiti aliingia chumba cha kubadilishia nguo bila hodi.

"Mkwe wangu asipoanza leo, kesho wewe si kocha."

"Kesho ni kesho, mzee wangu," Fundi akasema. "Leo ni mimi. Naomba utupishe, watu wanavaa."

Akamfungulia mlango, akausimamia mpaka alipotoka.

Walicheza raga isiyopendeza macho. Walibanana, wakasukuma, wakaanguka, wakainuka na matope mdomoni. Dakika za mwisho walikuwa nyuma kwa pointi tano, wakapewa nafasi ya adhabu, wachague teke au skramu, karibu kabisa na mstari wa wapinzani. Kutoka jukwaani mwenyekiti alipayuka akitaka lipigwe teke. Lakini teke lingewapa pointi tatu, na tatu zisingewafikisha popote. Nahodha, dereva wa lori mwenye shingo kama gogo, alimtazama Fundi. Fundi akagonganisha ngumi zake mbili. Skramu.

Wakasukuma. Wapinzani wakarudi nyuma hatua kwa hatua, miguu ikichimba majani, na Sumni akauchomoa mpira katikati ya ile mikikimikiki, akaangukia nao nyuma ya mstari. Trai, pointi tano. Wakawa sawa. Sasa kulibaki teke la nyongeza, na likipita kati ya milingoti wamepona.

Fundi aligeukia benchi. "Wewe," akamwambia yule mkwe. "Ingia upige."

Kijana alidhani anataniwa. "Mimi?"

"Kupiga unajua. Sijawahi kusema hujui."

Akapiga vizuri, ila upepo ukauvuta mpira, ukagonga mlingoti na kurudi uwanjani. Filimbi ikalia. Sare haikuwaokoa.

Mwenyekiti alishuka jukwaani amefura. Fundi akamtangulia, akasimama mbele ya kijana aliyekuwa amechuchumaa, uso kiganjani.

"Neno lolote niambie mimi. Nimemwita mimi."

"Umemwita ili umwaibishe."

"Nimemwita kwa sababu hakuna anayempita kwa kupiga. Lingekuwepo teke la pili, ningempa yeye tena."

Kamati ilikutana kumfukuza, ikagundua kwamba timu iliyoshuka daraja haina mwombaji wa kazi ya ukocha. Wazee walitazamana, wakakohoa, hatimaye wakamwambia aendelee kwa muda. Fundi akawajibu kwamba ataendelea, lakini hayo ya kwa muda hayajui, na siku atakayopangiwa hata mchezaji mmoja, watafute mwingine. Mwenyekiti alikodolea macho dirisha. Hakuna aliyepinga.

Mazoezi yalipoanza tena, mkwe alikuwa wa kwanza kufika. Alisimama mbele ya Fundi akichezea ukosi wa jezi.

"Nataka kujifunza kukaba," akasema.

Fundi alimwita Sumni, akampa mpira, akamwambia amwendee kijana kwa kasi yake yote. Safari hii kijana hakuinamia kiatu. Alikumbwa, akabiringika, akainuka majani yamemjaa nyweleni.

"Umefumba macho," Fundi akamwambia. "Rudi pale. Tena."