Tairi la Upande Wangu

Habari zilitufikia Dandora kupitia kondakta wa basi la nyumbani Ukambani: mama amevimba miguu, anapumua kwa shida, na kwa matope ya mvua ile hata basi halipandi tena kilima chetu. Tusingemfuata kwa gari, angefia kitandani. Gari tulikuwa nalo. Matairi yake ndiyo yalikuwa vipara vitupu.

Mume wangu, karani wa kupima kila jambo mara mbili, alizunguka mtaa wa viwanda wa Baba Dogo Jumamosi nzima. Matairi mapya hatukuyaweza. Yaliyotiwa meno upya kiwandani hayakuingia kwenye rimu zetu, na mitumba iliyouzwa pamoja na rimu zake ilikuwa na rimu zilizopinda. Alirudi mikono mitupu, nami nikawaka. "Kaka yangu ana patasi. Anachongea watalii ndovu na twiga, atashindwa kuchonga meno kwenye mpira?"

Kaka alichonga uani kutwa, majirani wakimsifu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilimpelekea chai akiwa kwenye tairi la nne, nikaona amezamisha patasi mno, nyuzi nyeupe zinachungulia chini ya mpira. Aliyeyusha nta, akaziba, akapaka rangi nyeusi ya viatu, kama amfanyiavyo ndovu wa mti aliyepata ufa.

"Itashika, dada," akasema bila kuniangalia.

Mume wangu namjua. Angeambiwa, tusingeondoka.

"Lifunge mbele," nikamwambia kaka. "Upande wangu."

Njia nzima nilikuwa nikisikiliza lile tairi, mume wangu akiendesha na kuongea peke yake. Kilimani meno ya kaka yaliuma matope kweli, tukapanda. Tulimlaza mama kiti cha nyuma, tukaanza kuteremka, na hapo gari likaanza kuvuta kushoto.

"Unahisi?" mume wangu akauliza.

"Barabara mbovu," nikasema.

Hospitali tulifika. Mama alishuka akiniegemea, akaona yale meno, akanyoosha mkono kuyapapasa. "Hii ni kazi ya mwanangu," akasema, na tangu tumchukue ndiyo kwanza atabasamu. Mume wangu naye akainama kutazama. Nta ilikuwa imetoka yote. Nyuzi zilikuwa nje, zimechanika kama mkeka mzee.

Alisubiri wauguzi wamchukue mama.

"Ulijua?"

"Nilimwambia aliweke upande wangu."

Alipangusa matope mikononi, polepole. "Na gari likibingirika, huwa linachagua upande?"

Mama alipona.