Maharagwe Katika Chumba cha Baridi

Huko juu kwa kina Janeffer, mlimani nyuma ya Kapkatet, baridi haina adabu. Inaingia chini ya mlango, inalala na wewe kitandani, na asubuhi ukienda kuchuma majani chai vidole vinakataa kukunjika. Janeffer hakuitukana hata siku moja. Baridi ile ndiyo iliyompa rafiki.

Rafiki mwenyewe ni Bilhah, mama Mkisii anayeuza mbegu za maharagwe sokoni Bomet. Kule chini kwake kuna joto, na joto ndilo mkunga wa fukusi. Mdudu huja na maharagwe kutoka shambani akiwa bado yai ambalo jicho halilioni. Akipata joto, mwezi mmoja unamtosha kuanguliwa, kula punje kutoka ndani, kuitoboa na kutoka nje, tayari kutaga mayai yake. Akipata baridi huzubaa. Wengi hufa wangali wachanga, na waliobaki hawana nguvu ya kuzaana. Basi kila baada ya mavuno Bilhah alipandisha magunia yake kwa Janeffer, yakakaa katika chumba cha nyuma, kile cha udongo kilicho chini ya miti, ambacho jua halijawahi kukifikia. Msimu wa kupanda ukifika alikuta punje zinang'aa. Janeffer alipata mbegu yake na kikapu cha ndizi, na wawili hao wakanywa chai mpaka watu wa nyumbani wakachoka kuwasubiri.

Mwaka huu Bilhah alifungua gunia la kwanza pale uani, vumbi la unga likamwagika. Punje zilikuwa matundu matupu, fukusi wakamtambaa mikononi. La pili likawa vilevile. Alisema polepole, bila hasira, na hapo ndipo palipouma.

"Mama Kipkurui, hii si maharagwe yangu. Kama ulikuwa na shida, ungeniambia tu."

Janeffer aliapa. Alimpeleka chumbani, akamshikisha ukuta aone ulivyo baridi. Ukuta ukamgeuka. Katika baridi hiyo, aliuliza Bilhah, fukusi wote hawa wametoka wapi, kama magunia hayakubadilishwa? Kipkurui, mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye mke na watoto, alikuwa amesimama papo hapo. Alisikia yote. Alimbebea Bilhah magunia hadi kwa bodaboda barabarani, na mama yake akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye heshima.

Maneno yakasambaa. Kanisani, nafasi iliyo kando yake ilianza kubaki wazi. Kwenye kituo cha kuuzia majani chai wanawake walikumbatia vikapu vyao alipopita, eti utani, na Janeffer akacheka nao. Yeye mwizi! Yeye ambaye kuku wa jirani akitaga kwake hurudisha yai likiwa bado moto.

Kisha mke wa Kipkurui akasafiri, Janeffer akaingia kufagia chumba cha vifaranga. Ni chumba cha mabati alichojenga mwanawe, na jiko la makaa huwaka humo usiku na mchana ili vifaranga wasife. Alipovuta ubao ulioegemea ukuta nyuma ya jiko, akakuta maharagwe yaliyomwagika, yale yale ya madoa mekundu ya Bilhah, yote yametobolewa. Kati yake kulikuwa na kipande cha uzi wa buluu ambao Bilhah hushonea magunia yake. Janeffer aliketi hapo sakafuni, vifaranga wakimpanda miguuni.

Kipkurui hakukana. Ile miezi miwili mama yake alipokuwa Sosiot akimuuguza dada yake, yeye alihitaji mahali pa kuweka mitungi ya maziwa anayouza.

"Maziwa ilikuwa inaharibika, Mama, na baridi iko hapo tu. Nikaweka magunia kwa vifaranga. Nikarudisha kabla urudi."

"Na siku ile ukanyamaza?"

"Wanaonunua maziwa yangu ni hao hao wa kanisa. Wakiniita mwizi, nitauzia nani?"

Kesho yake Janeffer alishuka Bomet. Njia nzima alipanga maneno. Angemwambia Bilhah ukweli wote, halafu angemwombea mwanawe msamaha, kwa kuwa aliogopa tu, na nani haogopi? Bilhah alimsikiliza huku ameshika gorogoro, kopo lake la kupimia maharagwe. Akaliweka chini. Alimshika Janeffer mkono, akamwomba msamaha machozi yakimtoka. Kisha akatazama pembeni.

"Nilikuwa nimeanza kukuamini, ile siku," alisema. "Nikifika barabarani nilitaka kurudi. Ni Kipkurui alinikataza. Akifunga gunia kwa pikipiki akaniambia, mwache tu mama yangu, siku hizi anauza vitu vya watu, hata sisi nyumbani tumechoka."

Janeffer aliketi juu ya gunia. Jua la Bomet lilikuwa kali na soko limejaa. Yale maneno ya kumwombea mwanawe msamaha alikuwa bado nayo mdomoni. Hakuyasema.