Sufuria Mbili za Pilau ya Kipaimara

Mwaka 2023, wakati wa masika, nikiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, niliambiwa kliniki kwamba presha yangu imepanda, na kwamba nipunguze chumvi na mafuta. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Presha ndiyo iliyonifanya mjane. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mpishi mkuu wa kikundi chetu cha akina mama wa Mtoni, tunaopikiana shughuli, na sikuwa tayari kuwapakulia wenzangu kile nilichokatazwa mwenyewe. Nikatangaza kwamba pilau yetu itabadilika.

Mwenyekiti wetu, muuza vitenge, alishika kiuno. "Dada, watu huja shughulini vidole ving'ae mafuta! Hiyo ya kwako kawapelekee wodini."

"Ving'ae kwa sabuni," nikamjibu.

Walicheka, lakini sharti lilikuwa kali. Ningejaribu kwenye kipaimara cha binti wa mwenzetu, Jumapili ya Pentekoste, tarehe 28 Mei. Wageni wakinung'unika, ningemkabidhi mwingine mwiko.

Asubuhi ile nilikuwa na msisimko wa mtahiniwa. Nami naujua, kwani mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka arobaini na sita. Supu ya nyama nilikuwa nimeichemsha jana yake, ikapoa, nikaiengua mafuta yote. Vitunguu nilivikaanga taratibu kwa mafuta kidogo mno hadi vikawa vyekundu. Kisha kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, iliki, mdalasini; chumvi kiasi cha kuonjesha tu, na ndimu za kukamulia mezani. Harufu ilipopanda, nilitamani kupiga vigelegele peke yangu!

Sufuria zilikuwa mbili. Moja niliisimamia mwenyewe, nyingine niliwaachia wenzangu waipalilie makaa. Tukapakua kwanza ya kwao. Babu wa binti alitia tonge mdomoni, akadaka glasi ya maji.

"Wajukuu zangu, mmepikia maji ya bahari?"

Nikaonja. Chumvi tupu!

"Nani ameongeza?"

Mweka hazina wetu akasema kwa sauti ndogo, "Mie, kidogo tu. Nilikuonea huruma."

"Na mie," akadakia mwingine.

Mwenyekiti akatazama chini. "Na mimi, dada. Niliogopea jina la kikundi. Sikujua kama na hawa wametia."

Nikafunua sufuria yangu. Wageni wakakamua ndimu, wakala, wakarudi na sahani zao.

"Hii ndiyo pilau!" babu akasema. "Ile nyingine kapika nani?"

"Mwenyekiti wetu," nikajibu, na aliyecheka kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 17 Juni 2023, tuliketi barazani kwa mwenyekiti kuamua. Mikono yote ilinyooka, wake wa mwisho.

"Nakubali," alisema, "ila ndimu ziwe nyingi."

Ikaandikwa katika muhtasari kwamba pilau ya kikundi ni ile ya sufuria ya pili kupakuliwa, kwamba mpishi mkuu habadilishwi, na kwamba chumvi itashikwa na yeye peke yake.