Siku Mama Alipovunja Sheria Yake Mbele ya Jukwaa

Mama ana sheria moja ambayo haiachi hata tukienda sokoni hapa mtaani kwetu, Fittja. Kabla hatujaingia penye watu wengi anasimama, anachagua mahali, anapaonyesha kwa kidole, anasema tukipotezana tukutane hapo. Aliyepotea asitafute, akae asubiri. Mimi na ndugu zangu tumekua tukimcheka. Hata duka la viatu lenye mlango mmoja atatuchagulia nguzo.

Kiangazi kilichopita nilikuwa na tiketi mbili za bendi ya pop punk ninayoipenda tangu mwaka wetu wa kwanza huku Sweden. Wakati huo sikujua Kiswidi wala Kiingereza, na msichana niliyekaa naye dawati moja alinipa upande mmoja wa spika zake za masikioni. Magitaa yalikuwa yanakimbia, na mtu anaimba kama analia na kucheka kwa pamoja. Nikaamua na mimi nitakuwa na bendi. Sasa naosha sahani kwenye jiko la shule, bendi bado sina, ila nyimbo ninazo, daftari zima.

Asubuhi ya siku yenyewe rafiki yangu akaugua. Mama akasema ataenda yeye, tiketi isipotee bure. Akavaa kitenge chake cha kanisani na raba, simu yake akaniwekea kwenye mkoba wangu.

Onyesho lilikuwa kwenye uwanja wa wazi, jioni, lakini jua bado linawaka. Tulipopita mlangoni Mama akasimama, akaonyesha bomba la maji ya kunywa karibu na uzio.

"Hapo," akasema.

Nikamwambia sawa Mama, huku nacheka.

Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Wale jamaa wamezeeka, mwimbaji ana kitambi na mvi, lakini anaruka. Mama alipiga makofi ya kwaya, akaniuliza yule babu magoti yake ni ya chuma au vipi.

Kisha mwimbaji akanyoosha mikono na kuitanua. Watu wakaanza kurudi nyuma, katikati likafunguka duara kubwa. Mimi nilijua ni mchezo: ngoma zikianza watu wataingia, wagongane mabega, anayeanguka ainuliwe. Mama hakujua, na mimi mjinga sikumwambia mapema. Yeye aliona watu wengi wanarudi nyuma kwa pamoja, akanishika mkono kwa nguvu. Ngoma zikalipuka, watu wakakimbia, na mkono wake ukachomoka mkononi mwangu.

Nilipogeuka sikumwona.

Nilijipenyeza mpaka kwenye bomba. Kulikuwa na foleni ya watu wenye vikombe, Mama hayupo. Nikasubiri. Ukaanza wimbo ule wa dawatini, ambao kwa miaka yote nilikuwa naota kuusikia mbele yangu, nami nimeupa mgongo, natazama nyuso za wanaotoka. Nikamwendea mlinzi mwenye fulana ya njano, bila kuliacha bomba zaidi ya hatua tano. Akaniambia kwa upole kwamba mama yangu ni mtu mzima, atakuja. Kiswidi changu ni kizuri, lakini nilishindwa kumweleza kwamba sheria ni yake mwenyewe na hajawahi kuivunja. Nikienda kumtafuta naye akaja, je? Nisipokwenda, na yuko chini ya miguu ya watu?

Wimbo ukaisha. Ukaanza mwingine.

Ndipo nikamwona. Mwanamke mkubwa mwenye nywele za kijani alikuwa amemshika mkono, anamfungulia njia kwa kiwiko. Mama alikuwa na raba moja tu. Yule mwanamke akaniambia wamemtoa kwenye duara mara tatu, na kila mara alirudi ndani, akiita jina langu na kuwageuza wasichana uso awatazame.

Nikamjia juu. "Mama, si ulisema bomba?"

"Nilisema."

"Sasa mbona hukuja?"

Akafunga kitenge upya kabla ya kunijibu. "Na mama yako mkubwa tulikubaliana tukipotezana tukutane darajani, siku ya kukimbia vita. Nilikaa siku mbili hapo. Hakuja." Akanipangusa shavu kwa kiganja chenye vumbi. "Leo miguu ilikataa kwenda kukaa."

Nilijua mama mkubwa alifia vitani. Habari ya daraja nilikuwa sijawahi kuisikia. Nikamwambia twende nyumbani, akatazama jukwaani.

"Hawa wazee wamemaliza?"

"Bado nyimbo mbili."

"Basi wamalize."

Akachukua ncha ya kitenge chake, akaifunga fundo kwenye mkanda wa suruali yangu, mimi na miaka yangu ishirini na mbili, akalivuta kuona kama limeshika. Tukasimama hivyo, naimba kwa sauti iliyokauka, na waliokuja kunywa maji wakawa wanatuzunguka.