Jinsi Metroni Alivyoacha Gari

Daktari mkuu wa hospitali yetu, pale Arua, alinichagua kwa sababu nilifika mapema. Mkutano ulikuwa saa mbili asubuhi, na saa mbili asubuhi tulikuwa wawili chumbani, mimi na yeye. Akaniuliza nimekujaje. Nikamwambia nimekuja na baiskeli kutoka Manibe. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Wenzangu walipomaliza kuingia nilikuwa nimeshapewa kazi, ila nilikuwa sijaambiwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa nesi wa wodi ya kifua, sijatimiza hata miaka miwili kazini. Wafanyakazi wenye magari yao walikuwa watatu tu: daktari mkuu mwenyewe, metroni aliyekuwa mkuu wa manesi, na mfamasia. Kila asubuhi magari hayo yalikuja na mtu mmoja mmoja ndani, yakaegeshwa chini ya dirisha la wodi yangu, kwani upande huo ndio uliokuwa na kivuli. Jioni yaliwashwa na kuachwa yangurume kwa muda, kwa sababu wenyewe waliamini gari lisilopashwa moto haliishi sana. Moshi uliingia dirishani. Wagonjwa wangu walikohoa. Wangekohoa hata bila magari, lakini saa hiyo walikohoa wakilitazama dirisha.

Daktari alitoka nchi ya mbali, na Kiswahili alijifunza kwenye kitabu, kwa hiyo alikitumia kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima.

"Moshi wa magari yetu unaingia kwa watu tuliowaleta hapa ili wapumue," alisema. "Tena petroli ni haba. Gari la wagonjwa limesimama wiki nzima. Kila mwenye gari atatoa sehemu ya mgao wake, itiwe katika pipa la gari la wagonjwa. Tuje kwa miguu, tuje kwa baiskeli, au tuje wengi katika gari moja. Nesi huyu atawatia moyo."

Nesi huyu nilikuwa mimi. Wote waligeuka kunitazama, na metroni alinitazama kwa muda mrefu kuliko wengine.

Metroni alikuwa mjane aliyepita miaka hamsini, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu. Kwao ni Koboko, katika zile familia za Waislamu ambazo babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudani. Nusu ya watu wa mji walizaliwa mikononi mwake, na aliwakumbuka wote, pamoja na makosa ya mama zao siku ile. Mfamasia alikuwa mwembamba, mtu wa tai kila siku. Aliishi karibu na hospitali kiasi kwamba dirishani mwa chumba cha dawa aliweza kuona kama mkewe ameshaanika nguo. Hata hivyo alikuja na gari.

Nilianza na yeye. Nilimuuliza kwa heshima kama asingeweza kutembea.

"Nikitembea," alisema, "watu watafikiri gari limeharibika."

Nikaona labda wachangie gari. Metroni alitoka upande wa Ediofe na alipita mbele ya lango la mfamasia kila siku. Tatizo ni kwamba watu hawa wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili, kwa sababu ya ufunguo wa friji ya chanjo. Nilimpelekea kila mmoja karatasi, nikasema ni agizo la daktari. Wiki ya kwanza metroni alisimamisha gari langoni, mfamasia akaingia kiti cha nyuma, akashushwa baada ya hatua ambazo mtoto angezitembea huku akila muwa. Hakuna aliyefungua mdomo. Wiki ya pili ilikuwa zamu ya gari la mfamasia. Kila asubuhi alitoka kwake, akaipa hospitali mgongo, akaenda mpaka karibu na Ediofe kumchukua metroni, kisha akarudi naye. Siku ya tatu ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nikaenda kwa daktari.

"Daktari, wiki hii tumetumia petroli nyingi kuliko kabla ya mkutano."

Akafikiri. "Lakini wanakuja wawili?"

"Wanakuja wawili."

"Wanazungumza?"

"Hapana."

Akasema nijaribu njia nyingine.

Njia nyingine ilinijia yenyewe. Ijumaa ile metroni aliingia wodini kwangu, akakagua vitanda ambavyo alikuwa ameshavikagua asubuhi, akasimama karibu yangu bila kunitazama.

"Hii baiskeli yako," alisema, "iko nauma?"

"Inauma wapi, Sista?"

"Pale kwa kukalia."

"Siku za kwanza, Sista. Baadaye unazoea."

Akanyoosha shuka lililokuwa limenyooka. "Mimi hapana weza kaa na ile mtu kwa gari tena. Wewe tafundisha mimi. Lakini si hapa. Hapana taka mtu naona."

Ndivyo metroni alivyokuja Manibe. Kwa asili kwetu si Manibe. Baba alivuka kutoka Kongo mimi nikiwa mdogo, akapanga kibanda kando ya njia, akawa fundi wa baiskeli. Nilipomweleza nani anakuja, alinivuta pembeni.

"Mutu mukubwa kama ule," alinong'ona, "kama anaanguka, nani atamuinua?"

"Mimi na wewe."

Alinipima kwa macho, akajipima na yeye mwenyewe, akaenda kutafuta baiskeli. Alikuwa nayo moja ya kike, isiyo na lile bomba la juu, iliyoachwa kwake na mtawa wa misheni aliyehamishwa kabla ya tairi kuzibwa. Akakishusha kiti mpaka mwisho, akafunga breki mpya mbele na nyuma.

Jumamosi mchana metroni alifika kwa miguu, amevaa suruali ya marehemu mumewe chini ya gauni na kitambaa cha kichwa amekikaza kama anayekwenda vitani. Baba alimsalimu kwa heshima zote, akampa somo zima kwa maneno machache: "Mama, tazama mbele, kule mbali. Usitazame chini. Macho ikienda chini, na wewe utaenda chini."

Nilishika kiti kwa nyuma, nikakimbia. Hatua ishirini za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha mwanamke mmoja akainuka katikati ya mihogo yake akaita kwa furaha, "Sista! Sista! Mtoto wako huyu hapa, ona alivyokua!" Metroni alikuwa mtu wa adabu. Hakuwahi kuacha salamu ipite bila kuinyanyulia mkono, na hakuanza siku hiyo. Aliunyanyua, nasi sote wawili tukaingia kwenye mihogo.

Alitaka kujifunzia mahali ambapo hatajulikana, na mahali hapo hapakuwepo. Kila nyumba ya Manibe ilikuwa na mtu ambaye yeye ndiye aliyempokea duniani. Walitoka na majembe mkononi, walitoka na unga mikononi, walimsimamishia watoto njiani wampigie saluti. Siku mbili hizo za kwanza alianguka mara tatu, zote kwa sababu ya adabu. Jumapili jioni alikaa kibandani kwetu akijipaka dawa kwenye kiwiko, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa. Haikuwa hofu ya kuvunjika. "Wao nacheka," alisema.

Baba, aliyekuwa akifunga nati, alisema bila kuinua kichwa, "Hawacheki, Mama. Banafurahi. Ni sauti moja tu."

Wiki iliyofuata alimwekea kengele kubwa ya shaba kwenye usukani, mahali kidole gumba kinapofika bila kuachia. "Mutu akisalimia, wewe jibu na hii," alimwambia. Tangu hapo hakuanguka kwa salamu tena. Aliijibu Manibe yote kwa kengele, na wale waliosalimia mara mbili walijibiwa mara mbili.

Jumamosi ya nne alinitoka mkononi bila kuniambia. Nilikuwa nakimbia nyuma, nikagundua nakimbia peke yangu. Alishuka mteremko mpaka kijito, akageuza, akapanda nusu ya njia kwa pedali na nusu kwa kusukuma. Alipotufikia alilaza baiskeli, akakaa chini palepale kwenye vumbi, akajifunika uso. Nilipiga magoti nikidhani ameumia. Alikuwa analia, lakini kwa namna ya mtu anayecheka.

"Tangu mzee yangu nakufa," alisema, "mimi hapana jifunza kitu mpya. Hata moja."

Baba alijifanya anatafuta spana.

Jumatatu aliingia hospitalini na baiskeli, nguo nyeupe za kazi juu, suruali ya mumewe chini. Mlinzi alifungua milango yote miwili ya lango, kama kwa gari, akapiga saluti. Wagonjwa wangu walimwona kutoka dirishani wakampigia makofi mpaka wakaanza kukohoa, ikabidi nipite na maji. Daktari alitoka barazani, akainama kidogo, akarudi ndani. Mfamasia alikuwa dirishani kwake. Jumatatu iliyofuata alikuja kwa miguu, tai shingoni, na alipopita mbele yangu alisema, "Ni kwa ajili ya afya." Sikuwa nimemuuliza.

Baada ya hapo kazi yangu ya kutia moyo ilikuwa rahisi. Aliyelalamika nilimwonyesha ilipoegeshwa baiskeli ya metroni. Gari la daktari peke yake ndilo lililobaki, na siku nyingi lilikuja na watu watano, wawili wao wakiwa wapishi. Tulihamishia maegesho nyuma ya chumba cha dobi. Pipa lilianza kujaa. Nililiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe neno WAGONJWA, herufi ya mwisho ikabanwa kwa sababu sikupima nafasi. Gari la wagonjwa lilikwenda Logiri kumchukua mama aliyekuwa na uchungu siku mbili, likarudi naye na mtoto, wote wazima. Lilikwenda hata Koboko.

Halafu mchana mmoja mkubwa fulani alikuja na askari wawili na karatasi. Alisema pipa linahitajika kwa kazi ya serikali. Daktari alitia sahihi kwa sababu kalamu ilikuwa imeshawekwa mkononi mwake. Askari waliliviringisha mpaka kwenye lori, na sisi tukasimama barazani tukilitazama neno langu likizunguka, juu chini, juu chini.

Wiki hiyohiyo metroni alikwenda Koboko kwa basi, kwenye harusi ya binti wa kaka yake mkubwa. Binti huyo alizaliwa mikononi mwake, na alimpenda kama wake. Yaliyotokea alinisimulia aliporudi. Alipoingia uani kwa kaka yake alikuta magari yamepangwa mstari, yamefungwa vitambaa vya rangi, na mwanamume anayatia petroli kwa mpira kutoka kwenye pipa. Pipa lilikuwa na neno jeupe, herufi ya mwisho imebanwa. Bwana harusi alikuwa ni yule mkubwa mwenye karatasi.

Kaka yake akamwambia, "Dada, panda gari ya mbele na bibi harusi."

"Mimi nakwenda na mguu."

"Na mguu? Watu tasema nini?"

"Tasema mimi iko na mguu."

Alitembea nyuma ya magari, ndani ya vumbi lake, kutoka kwa bibi harusi mpaka kwa bwana harusi. Kwa kuwa alikuwa mkubwa na aliheshimiwa, wanawake wazee waliomwona kwenye vioo walidhani kuna desturi wameisahau. Wakashuka mmoja baada ya mwingine wakatembea naye, wakipiga vigelegele. Msafara ulipofika, magari ya nyuma yalikuwa na madereva tu. Kwenye karamu alicheza ngoma na bibi harusi, akala, akamwombea heri. Hakumwambia mtu sababu. Lakini kaka yake alikuwa amesoma lile neno kwenye pipa, na aliijua.

Asubuhi aliporudi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa daktari, nami nilikuwa humo na faili.

"Daktari," alisema, "petroli yetu mimi naona. Ilikuwa napiga honi."

Daktari alivuta karatasi mpya. Kisha akasema, "Tuanze tena." Tukaanza tena. Pipa la pili tuliliweka chumba cha maiti, ambako hakuna mkubwa aliyewahi kuja na karatasi.

Kaka yake hakunyamaza. Ramadhani ilipokaribia kwisha alimtumia ujumbe kwamba mwaka huo asije Koboko kwa Idi, kwani amemwaibisha mbele ya wakwe. Metroni aliniambia haya tukisukuma baiskeli zetu kwenye kilima, kwa sauti ileile ya kuniambia kitanda cha tano kibadilishwe shuka. Alikuwa hajawahi kula Idi peke yake.

Nilimweleza baba. Kesho yake alikuwa amepata jogoo mkubwa, na alikuwa amemwomba mteja wake mmoja Mwislamu aje Manibe amchinje, ili kusiwe na neno. Sisi ni Wakristo na hatukujua Idi inapikwaje, kwa hiyo mama yangu alipika kama Krismasi. Metroni alikuja amevaa nguo mpya, ameleta tende na sabuni. Kabla ya kula baba alimwambia, "Mama, utuombee wewe, leo iko siku yako." Akaomba kwa Kiarabu, nasi tukaitikia amina mahali tulipodhani panafaa. Alikula sana. Baadaye alimwuliza baba kuhusu Kongo, na baba, ambaye kwetu hakuwahi kuisema Kongo, alimsimulia mpaka jua likapinda.

Mwaka uliofuata kaka yake alimwita kwa Idi, akaenda Koboko. Hatukuwa na habari; mama alikuwa amepika tena. Tulimngojea mpaka saa tisa, kisha baba akasema kuku anapoa, tukala.